Zabuni ya Mbwa

Mimi ni mtu wa ununuzi na ugavi. Nina stashahada yake, imetiwa fremu na kutundikwa sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Picha ya harusi tunayo pia. Iko koridoni, kwa sababu sebuleni msumari ulikuwa mmoja.

Nasema haya mapema nisije nikasingiziwa kwamba nilikurupuka. Mbwa wetu alipatikana kwa kufuata taratibu zote, na taratibu hizo ndizo zilizoniumbua.

Kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi stoo ya hospitali. Glovu, sindano, shuka, sabuni: hakitoki kitu bila kadi, na kadi haijazwi bila sahihi. Nyumbani vivyo hivyo. Kila kabati la jikoni kwangu lina kadi inayoning'inia kwa uzi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, nani kachukua. Hata biskuti zina kadi. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, naye huniita Bosi. Akirudi safari husimama mlangoni na kuuliza kama asaini kwanza au aingie tu. Miaka yote hiyo nilidhani ananisifu.

Mwaka huu mambo mawili yaligongana. Nilipandishwa cheo kuwa mkuu wa stoo, na mwezi huohuo dada aliyekuwa akitusaidia nyumbani aliolewa, akaenda zake. Mtoto wetu mkubwa yuko chuoni. Akabaki mdogo, wa miaka kumi na mmoja, ambaye tangu siku aliyozaliwa tunamwita Nukta kwa jinsi alivyokuwa kadogo, na sasa hata mwalimu wake humwita hivyo. Shule inatoka saa tisa alasiri. Mimi nafika nyumbani saa kumi na moja na nusu. Hapo katikati pana saa mbili na nusu za Nukta kuwa peke yake: afungue kwa ufunguo wake, ale, akunje sare, afanye kazi za shule.

"Anaweza," niliwaambia kazini. "Yule ni mtu mzima, ila kafupishwa."

Wiki ya kwanza akasahau bomba la jikoni wazi. Maji yakatembea mpaka sebuleni. Siku hiyo nilikuwa na moyo mweupe, nikaona nifanye utani. Nikamwandikia barua rasmi, na kumbukumbu namba: *Yah: Onyo la kwanza, uzembe wa bomba. Unatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi ndani ya saa ishirini na nne.* Asubuhi nikakuta majibu chini ya kikombe changu, kwenye karatasi ya daftari, mistari imenyooka, mwisho kaandika "Ndimi mtiifu". Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nikaenda nayo kazini, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Wiki ya pili akavunja chupa ya chai. Onyo la pili, maelezo ya pili, ubao uleule. Watu walitoka maabara kuja kusoma.

"Mtoto wako ana nidhamu, mama!"

"Kazaliwa stoo huyo," nikajibu, na kifua nimekitanguliza.

Wifi yangu, shangazi yake Nukta, hakucheka. Alikuja Jumapili moja na fomu ya shule ya bweni, akaiweka mezani kama mtu anayelipa deni la zamani.

"Wifi, mtoto wa kike, nyumba nzima, peke yake? Hapana. Mpeleke bweni. Fomu inarudishwa kabla ya muhula kwisha."

Nikasema nitafikiria. Akiisha kuondoka, nikaijaza nusu, kwa penseli, nikaitia kwenye droo. Nusu ya fomu kwa penseli si uamuzi. Ndivyo nilivyojiambia.

Kisha Fundi akanivua nguo.

Fundi ni mshonaji. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, kinatazamana na geti letu. Kazi yake ni kuwavika watu, lakini siku ile nilipokwenda kuchukua sketi alifanya kinyume.

"Mama Nukta, hivi unajua mwanao anashinda wapi?"

"Ndani. Anasoma."

"Ndani kwa nani? Anashinda hapa kwangu, kwenye ngazi. Ikifika kumi na moja na robo anachomoka mbio, anafungua mlango, anawasha taa. Wewe ukija unamkuta katulia kama malaika."

"Tangu lini?"

"Tangu yule dada aondoke. Mimi nikajua umeniachia nimwangalie. Nikasema moyoni, huyu mama naye ana dharau, hata asante hana."

Nikalipa sketi, nikasema asante ya sketi na ya mtoto kwa pamoja, nikavuka barabara masikio yakiniwaka. Mtu mzima aliyefupishwa nilimkuta mezani, kalamu mkononi.

"Kwa nini huingii ndani ukitoka shule?"

Akaifunika kalamu.

"Unaogopa nini? Wezi?"

"Ndiyo," akasema, haraka.

Nimehoji wauzaji waongo kwa miaka kumi na minne. Ndiyo inayokuja mbio kiasi kile ni ndiyo ya kumaliza mazungumzo. Angekuwa muuzaji ningemkamata palepale. Lakini jibu lile nililipenda, kwa sababu tatizo la wezi nilijua dawa yake.

Nikampigia mume wangu, yuko njiani na shehena ya saruji.

"Tunachukua mbwa."

"Haya, Bosi. Umemuuliza mtoto anataka mbwa gani?"

"Mtoto ni mtumiaji wa mwisho. Mtumiaji wa mwisho hakai kwenye kamati ya tathmini."

"Kamati ina watu wangapi?"

"Mmoja."

Nikasikia anacheka na injini.

Jioni ile nikachora jedwali. Ulinzi alama thelathini, utii ishirini na tano, usafi ishirini, ulaji kumi na tano, kelele kumi. Jumla mia. Nukta alipita nyuma yangu mara mbili akiangalia karatasi, nami sikumuuliza. Nilikuwa na rula mkononi, na mimi nikishika rula siulizi watu.

Mbwa nilikwenda kuwatafuta kwa Matroni. Huyu aliongoza wodi ya watoto kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na wodini hapakuwa na daktari asiyemwogopa. Siku hizi anafuga mbwa wa aina mbili. Uani kwake upande mmoja kuna mashepadi, wale wa polisi wenye masikio wima. Upande wa pili kuna malabrado, rangi ya siagi, masikio yamelala, macho ya kuomba.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Nasikia siku hizi wewe ndiye stoo yenyewe."

"Nataka mbwa wa nyumba."

"Nyumba haifugi mbwa, mwanangu. Mtu ndiye anafuga mbwa. Huyu atakuwa wa nani?"

"Wa sote."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipomwambia glovu ziko njiani. Nikaona bora niingie kwenye hoja.

"Nitaomba sampuli."

"Nini?"

"Sampuli. Shepadi mmoja wiki moja, labrado mmoja wiki inayofuata. Hospitali hatununui kitu bila kukijaribu."

"Mwanangu, mbwa si glovu."

"Najua. Glovu ikishavaliwa hairudishwi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wachukue," akasema akifuta macho. "Wachukue wote wawili, kwa zamu. Nataka nione nani atakayepimwa."

Nyumbani nikapiga marufuku majina. Kitu ukishakipa jina umeshakipitisha. Shepadi akawa Sampuli A, na labrado Sampuli B.

Sampuli A alikuwa jike wa miaka mitatu. Alipoingia hakunusa miguu ya mtu. Alipita chumba hadi chumba, kona hadi kona, akarudi, akajilaza mbele ya mlango mahali ambapo angeona kila anayeingia na kila anayetoka. Kidogo nimpe mkono. Jikoni hakanyagi. Getini anabweka mara moja, ukisema basi, basi. Siku ya pili niliacha mlango wa friji wazi nikienda kupokea simu. Nilipogeuka nilimkuta kasimama kando ya friji, ananikazia macho. Nikaufunga. Ndipo naye akaondoka. Sijawahi kuelewana na kiumbe haraka namna ile, na hapo nina ndoa ya miaka ishirini na moja.

Kubwa zaidi, saa tisa alikuwa akimngoja Nukta getini. Nilimfunza siku mbili tu. Nukta akitokea, A anamzunguka kwa nyuma, anamsukuma kwa pua mpaka mlangoni.

"Ngazi yangu sasa tupu," Fundi akaniambia. "Ila yule mbwa wako anampeleka mtoto kama mahabusu."

Mimi nilisikia mpaka kwenye neno *tupu*.

Kila jioni nilimkuta Nukta kwenye sofa, magoti yamebanwa, mikono mapajani, sare imekunjwa pembeni. Nyumba kama haijaingiwa na mtu. Ijumaa nikakagua kadi ya biskuti: wiki nzima hakuna kilichotoka.

"Hukula?"

"Sikuwa na njaa."

"Na mbwa, unamwonaje?"

"Mzuri," akasema. "Anakumbuka kila kitu."

Nikaandika alama tisini na mbili.

Jumamosi mume wangu alirudi safari. Alipofungua mlango alitukuta mimi na A tumesimama bega kwa kichwa, tunaangalia viatu vyake, vina tope. Alitutazama, mmoja mmoja, akaanza kutikisika.

"Nini?"

"Hakuna, Bosi," akasema, akivua viatu. Kisha akamwinamia mbwa. "Na wewe pia, Bosi."

Sampuli B alifika Jumapili. Dume, mwaka mmoja na nusu, mkia kama kiboko. Katika saa ya kwanza alikunywa maji ya ndoo ya kudekia, akafungua kabati kwa pua, akameza kadi ya sukari pamoja na uzi wake. Uzi ulirudi Jumanne. Kadi haikurudi. Jumatatu msoma mita aliingia getini, na B akamkimbilia kama ndugu aliyepotea, akajilaza chali akunwe tumbo. Yule bwana alimkuna, akasoma mita, akaaga, naye mlinzi wangu akamsindikiza mpaka kona. Jumatano akala kiatu changu cha kazini, cheusi, cha kushoto, akianzia kisigino. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Cha kulia nikakiweka juu ya kabati la sebuleni kama ushahidi, kirudi kwa Matroni pamoja na mhalifu.

Nilipofika kwenye kelele nilimpa kumi kwa kumi, maana hakubweka hata mara moja, hata pale ilipofaa. Jumla thelathini na moja. Zabuni ilikuwa imekwisha. Ilibaki sahihi yangu.

Alhamisi nikaamua kufanya ukaguzi wa kushtukiza. Niliaga kazini mapema, nikashuka kona ya barabara yetu saa kumi kasoro, nikiwa nimevaa raba kwa sababu mnazozijua.

Nukta alikuwa kwenye ngazi ya Fundi.

Alikaa palepale pa zamani, mkoba miguuni, na lile libwa la siagi limelaza kichwa mapajani mwake.

"Nukta!"

Sauti yangu ni ya stoo. Imezoea kuvuka marundo ya katoni. Mbwa aliruka, akajichimbia chini ya meza ya cherehani, mkia peke yake ukabaki nje. Nukta alisimama wima.

"Mbwa nimekuletea! Wa kwanza nimeleta, wa pili nimeleta! Sasa unaogopa nini humo ndani?"

Machozi yakaanza kushuka, bila sauti, yale ya mtoto aliyejizoeza kulia asisikike. Cherehani ikanyamaza. Fundi akavuta droo ya nyuzi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama Nukta, kabla hujaendelea, soma. Aliniomba nimwangalizie kama lugha ina heshima ya kutosha."

Ilikuwa karatasi ya daftari, mistari imenyooka.

*Kwa Mkuu wa Nyumba.*

*Yah: Maelezo kuhusu kiatu cha kushoto.*

*Mimi Sampuli B nakiri kwamba nilikula kiatu. Sikujua kuwa ni cha kazini. Niliingia ndani kwa sababu Nukta alifungua mlango, kwa hiyo kosa ni la Nukta. Hili ni kosa lake la tatu. Naomba onyo la tatu aandikiwe yeye, na mimi nisirudishwe. Nukta amekubali kwenda bweni. Fomu iko kwenye droo, imeshajazwa nusu.*

*Ndimi mtiifu.*

Chini yake, badala ya sahihi, palikuwa na unyayo wa mbwa, kwa wino wa buluu.

Nikaisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshakaa kwenye ngazi. Ngazi ya Fundi ni nyembamba, na mimi si mwembamba, lakini nilijipenyeza hivyohivyo.

"Kosa la tatu," nikasema. "Nani kakuambia habari za kosa la tatu?"

"Wewe." Alijifuta pua kwa mkono wa sare. "Ulikuwa unaongea na simu. Habari za yule mpagazi wa stoo. Ulisema, barua ya kwanza, barua ya pili, ya tatu mtu anaondoka. Ukasema hakuna cha huruma, ni utaratibu. Halafu nikaona fomu."

"Kwa hiyo huogopi wezi."

Akatikisa kichwa.

"Nisipoingia ndani siwezi kuharibu kitu," akasema. "Yule A alikuwa ananiingiza kwa nguvu. Nikawa nakaa tu, sigusi. Huyu mimi ndiye namtoa. Yeye akiwa ndani hawezi kujizuia."

"Nukta. Zile barua zilikuwa utani."

"Hukucheka."

"Nilicheka."

"Wapi?"

Kuna maswali mafupi ambayo ukiyajibu kweli unabaki huna pa kusimama. "Kazini," nikasema. "Nilicheka kazini."

Nikauona ule ubao wa matangazo, watu wa maabara na vikombe vyao vya chai, na mimi pembeni na kifua mbele. Walicheka jengo zima. Aliyeachwa nje ya utani ni mmoja tu, yule aliyekaa mezani peke yake akinyoosha mistari kwa rula ili asifukuzwe kwao. Nyani haoni kundule, tena huyu ana stashahada.

"Na fomu?" akauliza.

"Fomu kaleta shangazi yako."

"Mwandiko ni wako."

"Ni wangu," nikasema. Ningeweza kuzunguka, lakini yule mtoto kazaliwa stoo, anajua kukagua. "Nilijaza nusu. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba nitashindwa kazi zote mbili. Ile ya kule, na hii."

Chini ya meza mkia ukaanza kugonga mguu wa cherehani, taratibu.

"Ile ya kule huwezi kushindwa," akasema Nukta.

Alinipa moyo. Hiyo nyingine hakuisemea, nami sikumbembeleza aiseme.

Kesho yake niliingia kazini kabla ya wote, nikabandua barua zote nne kwenye ubao: maonyo yangu mawili na maelezo yake mawili. Karani wangu alipofika akalalamika.

"Mkuu, hizo tulikuwa tunazipenda."

"Mwenyewe hakuzipenda. Nipe ule muhuri wa IMEFUTWA, nitaurudisha Jumatatu. Sina haja ya kuandika wapi naupeleka."

Nadhani ndiyo siku niliyomtisha kuliko zote.

Jioni nikaweka kila kitu kwenye meza ya jikoni: barua nne, ile ya kiatu, fomu ya bweni, muhuri na kidau cha wino. Nikamwambia Nukta apige. Alipiga ya kwanza kwa woga, kama anayegusa pasi ya moto. Ya pili akabonyeza. Kwenye fomu ya bweni alipiga mara sita, moja ikaangukia meza. Ile ya kiatu akairudisha mfukoni.

"Hii ni ya Sampuli B. Si yangu kuifuta."

"Sawa."

"Na kadi ya biskuti?"

Nikashusha pumzi. "Piga."

Alizunguka makabati yote na muhuri mkononi, mbwa nyuma yake akilamba wino sakafuni. Nilisimamisha zoezi kwenye kabati la dawa. Kadi ya dawa ilibaki. Nimekubali makosa, sijawa mwendawazimu.

Wifi nilimpigia simu mwenyewe, nikamwambia mtoto anabaki nyumbani. "Kwa hiyo kuna mbwa wa maana sasa?" akauliza. Nikamtazama B, ambaye saa hiyo alikuwa kajifunga mwenyewe kwenye pazia.

"Kuna mbwa," nikasema.

Jumapili Matroni alikuja kusikia matokeo. Mume wangu alikuwepo, akajifanya anatengeneza kitasa cha dirisha ili asikose neno. Nikamkabidhi Matroni jedwali. Akavaa miwani.

"A tisini na mbili, B thelathini na moja. Basi nimlete shepadi."

"Hapana. Tunamchukua B."

"Nyie watu wa stoo mkimpa aliyeshindwa si lazima muandike sababu?"

"Nimeandika. Geuza."

Akageuza, akasoma kwa sauti, kwa ile sauti ya wodini isiyojua kunong'ona: "Sababu ya kwanza. Nafasi anayoiomba Sampuli A ina mtu tayari, na hana mpango wa kustaafu."

Kitasa kikaanguka. Mume wangu akatoka nje, nikamsikia anacheka uani kama mtu aliyekuwa amezuia chafya tangu siku ya harusi.

"Sababu ya pili," Matroni akaendelea, polepole. "Mtumiaji wa mwisho anahitaji mwenzake anayekosea kuliko yeye." Alivua miwani. "Mtumiaji wa mwisho ndiye nani?"

"Mimi," Nukta akasema kutoka chini ya meza, walikokuwa wamelala wawili.

"Sasa nimejua mbwa ni wa nani," akasema Matroni, akaomba chai.

Nukta ndiye aliyempa jina. Anaitwa Kisigino, kwa kuwa hapo ndipo alipoanzia.

Jumatatu nilishuka kona saa ileile, kumi na moja na nusu. Fundi aliniona kwa mbali, akanyoosha mkono kwenye ngazi yake iliyokuwa tupu.

"Ngazi inapangishwa, Mama Nukta! Una mteja?"

Nikavuka barabara. Mlango ulikuwa wazi, wazi kabisa, nzi na vumbi karibuni. Taa ya sebuleni inawaka na jua bado liko. Sakafuni kuna nyayo za aina mbili, za raba na za makucha, zinakwenda jikoni na kurudi, na kwenda tena. Sare iko juu ya televisheni, mkono mmoja umeifunika stashahada yangu. Nilihisi ile sauti ya stoo inapanda kutoka tumboni, ikafika kooni, nikaimeza. Ilishuka kama kidonge kikavu.

Nukta alitokea jikoni, makombo mdomoni.

"Mama, Kisigino amekula kiatu."

Alisema hivyohivyo tu, anatafuna, mikono mitupu, hana karatasi. Nyuma ya miguu yake macho mawili ya kuomba yalinichungulia.

"Kiatu kipi tena?"

"Kile cha kulia. Cha ushahidi."

Nikaweka mkoba chini. Nikaketi kwenye sofa, na Kisigino akaja kuniegemea kwa uzito wake wote, hana habari.

"Basi jozi imetimia," nikasema. "Biskuti zimebaki?"

"Sijui," akasema Nukta. "Hakuna kadi."